Ngozi ya Fahali Aliyekatazwa Kisu

Fahali wa kuvuta mkokoteni wa majani chai alianguka asubuhi, akafa bila kuaga mtu. Damu nyeusi ilimtoka puani na haikuganda. Bwana mifugo alifika, akasimama mbali kama aliyeona nyoka. Amri yake ilikuwa fupi: kisu kisimguse, azikwe mzima mzima, shimo refu, chokaa juu. Halafu akaenda zake, maana mvua ya mawe ya huku milimani haijali cheo cha mtu.

Kazi ya kuzika aliachiwa mjomba wangu, kibarua wa kiwandani, tuliyetoka naye ziwani. Shimo alichimba vizuri. Lakini ngozi nzuri namna ile kuipa mchwa? Akatoa kisu.

"Mjomba, si umekatazwa?"

"Nimekatazwa kula, okewa." Ndivyo kwetu mjomba humwita mtoto wa dada yake. "Umeniona nikitafuna? Ama huko shule mnakula ngozi?"

"Kwa ule uji wao, ngozi tungeshukuru."

Tulicheka sana. Nyama ikazikwa kwa heshima zote. Ngozi ikawambwa kwa vigingi nyuma ya nyumba. Mbwa wetu, mwizi asiyejua haya, aliinusa mara moja akarudi nyuma mkia chini. Hapo kicheko kilinipungua.

Haukupita muda mrefu, kipele kikamtoka mjomba mkononi, pale kisu kilipomkwaruza akichuna. Kikawa lengelenge, na katikati pakawa peusi kama kaa lililozimwa. Mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko.

"Nenda dispensari," mama alimwambia.

"Nikaseme nini, dada? Wataniuliza nimechuna nini, kisha wanifunge. Na wala hakiumi."

"Hakiumi?" nikadakia. "Basi nikuchome mwiba tuone mwanaume."

"Choma, mtoto wa shule."

Akageuza uso, akanyoosha mkono. Nilitaka aruke mpaka darini nipate hadithi ya kuwapelekea wenzangu bwenini. Nikachoma pale peusi. Nikasukuma zaidi.

"Haya, choma basi," akasema. "Unaogopa?"

Mama aliweka kikombe chini. Mjomba akageuka, akauona mwiba umesimama wenyewe mkononi mwake. Akaomba koti.

Njiani alianza kutetemeka, nikamshika kiuno. Kule dispensari, dresa, yule wa kufunga vidonda, alikitazama kidonda, akaanza kunawa mikono huku akiuliza alichuna nini. Mjomba alieleza yote kabla swali halijaisha, kisha akauliza kama mkono utabaki.

"Hiki ni kimeta," dresa alisema, akaendelea kunawa mikono yake.