Maji ya Mgeni

Barua ya kuifunga shule ilisomwa kanisani Jumapili, baada ya sadaka. Mwalimu Josephat aliisoma mara mbili, kwa maana mara ya kwanza watu walidhani amekosea. Shule ya Msingi ya Mlegwa ina wanafunzi kumi na tisa. Itafungwa muhula ukiisha. Madawati na mabati yatachukuliwa yapelekwe Voi.

"Kumi na tisa?" alisema Milka, jirani yake Tryphena, bila kusimama. "Kwangu peke yangu wako watano. Huyo aliyehesabu alikuwa amefumba macho?"

Watu walicheka, kicheko kisicho na furaha. Tryphena hakucheka. Alijua hesabu hiyo ilitoka wapi. Ilitoka jikoni kwake.

Mwaka huo wa sabini na sita, mvua zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo. Huku tambarare, chini ya mlima wa Sagalla, visima vilibaki matope, kisha hata matope yakakauka. Kila Jumatano treni ilileta behewa la tangi pale stesheni ya Maungu, na watu wakapanga foleni na madebe yao. Wanafunzi wa darasa la tatu hadi la saba walitoka alfajiri, wakarudi saa nne na maji kichwani, na masomo waliyokosa wakayafidia Jumamosi. Hivyo ndivyo watu walivyoishi, wala hakuna aliyeona ajabu.

Mkaguzi alipoandika kwamba atakuja Jumatano, Mwalimu Josephat alimwambia Tryphena, "Mama Wakio, wiki hii watoto wasiende. Wakae darasani, mgeni awakute."

Tryphena ndiye aliyekataa. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa shule, na neno lake halikupingwa sana. "Mwalimu, mgeni wa serikali atoke Voi na vumbi lote lile, afike kwetu akose maji ya kunawa? Tutaificha wapi sura yetu? Waende. Saa nne watakuwa wamerudi, atawakuta wasafi."

Treni ilichelewa. Mkaguzi, kijana aitwaye Bwana Gilbert, mwenyeji wa milimani, alifika saa tatu akiwa na tai na suruali pana chini. Alikuta watoto wadogo wa darasa la kwanza na la pili, na vyumba vitano vitupu. Mwalimu alimweleza habari ya maji, naye akaitikia "ndiyo, ndiyo" huku akiandika. Tryphena alimpikia chai kwa maji ya mwisho yaliyobaki katika mtungi wake. Alikunywa vikombe viwili. Akasifu chai. Saa tano akaondoka, na nusu saa baadaye watoto themanini na watano wakaingia uwanjani wakiwa na madebe ya kumkaribisha.

Sasa, akirudi nyumbani kutoka kanisani, Tryphena alitembea mbele ya wenzake ili asiongee. Aliijua shule ile jiwe kwa jiwe. Mawe ya ukuta aliyabeba yeye na wenzake kutoka mlimani, bintiye Wakio akiwa mgongoni, bado hajaota meno yote. Yeye mwenyewe alitolewa darasa la pili akachunge mbuzi. Na sasa Wakio alikuwa darasa la saba, wa kwanza au wa pili kila muhula, na mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Shule iliyobaki ilikuwa mwendo wa saa tatu, kwenye mapito ya ndovu. Msichana hawezi kwenda huko na kurudi kila siku. Angekaa nyumbani. Mwaka ukiisha angeposwa.

Siku ya pili alipanda lori la mkaa hadi Voi, akakaa kwenye benchi la ofisi ya elimu kuanzia asubuhi. Bwana Gilbert alimpokea saa tisa.

"Mama, ripoti imekwisha kwenda wilayani, Wundanyi. Mimi niliandika nilichokiona."

"Uliona maji uliyokunywa?"

"Mama, tafadhali."

"Njoo uhesabu tena, mwanangu. Siku yoyote."

"Serikali haihesabu mara mbili," alisema, akafungua faili nyingine.

Tryphena alirudi akiwa na hasira iliyomkausha koo kuliko jua. Nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Lori la kubeba madawati lilikuja wiki ya mwisho ya muhula. Lilikuja Jumatano. Watu wa ofisi ya elimu walikuwa wameichagua siku hiyo: Jumatano ndiyo siku Bwana Gilbert aliyoikuta shule karibu tupu. Lilipanda njia ya mchanga likinguruma, likafika uwanjani likitoa mvuke puani kama fahali. Bwana Gilbert alishuka, na vibarua wakaanza kutoa madawati. Mwalimu Josephat alisimama mlangoni na rejista kifuani, wakampita pembeni kama mlingoti. Akina mama walipiga kelele. Milka alimzunguka mkaguzi mara mbili. "Tazameni suruali hii! Pana hivi, mwacheni atufagilie darasa kabla hajalivunja!"

Madawati thelathini yalikuwa yameshapakiwa dereva alipofungua boneti. Alikuwa Mkamba wa makamo, Kilonzo, mtu mpole. Alimwendea Tryphena, akavua kofia.

"Mama, nisaidie maji. Rejeta imekauka. Nikiiwasha hivi, injini inakufa."

"Maji hakuna."

"Hata kidogo?"

"Maji yako kwa watoto," alisema Tryphena kwa sauti ya kumfikia mkaguzi. "Na watoto, mwulize bwana huyo, watoto hawapo. Aliandika yeye mwenyewe."

Bwana Gilbert alikuja haraka. "Mama, hii ni gari ya serikali."

"Basi serikali iinyweshe."

"Nitakushtaki kwa chifu."

"Nenda kwa miguu. Chifu yuko njia ile ile ya ndovu unayotaka mwanangu aipite kila siku. Wewe kwenu milimani maji yanapita mlangoni, hujui debe lina uzito gani. Mimi nilikupa maji yangu ya mwisho, ukayanywa, kisha ukanifungia shule!"

Vibarua walikaa juu ya madawati. Jua lilipanda. Bwana Gilbert alilegeza tai, akaivua, akaiweka mfukoni.

Saa tano na nusu, treni ikiwa imechelewa tena, watoto walitokea kichakani, mstari mmoja mrefu, Wakio mbele, debe limetulia kichwani. Dereva aliinuka. Tryphena alimzuia kwa mkono.

"Mwalimu, fungua rejista. Kila mtoto atamwaga kikombe kimoja. Na wewe, bwana, utahesabu. Ukikosa mmoja, tunaanza upya."

Mwalimu Josephat aliita jina, mtoto akaitika, akamwaga kikombe chake kwenye rejeta. Bwana Gilbert alihesabu, mwanzoni kwa mdomo uliobana, baadaye kwa sauti ya kawaida, baadaye kwa sauti ndogo. Themanini na tano. Wale kumi na tisa wadogo wakapanga mstari nao, ingawa hawakuwa na maji, na akawahesabu. Akaandika, akatia sahihi kwenye rejista mbele ya watu. Madawati yakashushwa.

Baada ya mwezi ilikuja barua nyingine, fupi, bila neno la kuomba radhi: shule itaendelea. Wakio alifanya mtihani wake mwezi wa kumi na moja, katika chumba chenye mawe ya mama yake.

Mwaka uliofuata alikuja mkaguzi mwingine, mzee, mwenye kikohozi, tena Jumatano. Hakuna mtoto aliyekwenda Maungu. Walikaa wote kwenye madawati, midomo imepauka, na nyumba zote zilikuwa kavu siku hiyo. Mzee yule alipomaliza kuhesabu aliomba maji ya kunywa.

"Hakuna," alisema Tryphena. "Leo watoto wako darasani."

Mzee alikohoa, akaenda zake. Tryphena aliingia jikoni, akakaa kando ya mtungi mtupu. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kumnyima mgeni maji. Wakaguzi walikuwa wamemfundisha kunyima.