Zamu Yangu ya Kufua Jezi

Timu yetu ya Munyaka ilikuwa na desturi moja: mechi ya Jumapili ikiisha, mmoja wetu anabeba jezi zote nyumbani akazifue, na wiki inayofuata ni zamu ya mwingine. Mwaka juzi, msimu wa kuvuna mahindi, tulienda kucheza Timboroa. Tulifungwa nne bila kwenye baridi ya kukata masikio, na bado tulirudi tukicheka. Zamu ilikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata nilifika uwanjani na gunia la jezi safi. Tulikuja watano. Wengine walikuwa shambani, mmoja alikuwa amehamia Nairobi, na golikipa alikuwa ameoa. Wiki ya pili tulikuja wawili. Ya tatu nilikaa pale peke yangu, nimekasirika kama mjinga.

Nikikutana nao mjini wananiambia, "Tupange siku, boss." Hakuna anayepanga.

Kila mwezi nazifua tena, kwa sababu zikikaa zinashika ukungu, kisha naanika zote kumi na moja kwenye kamba. Juzi jirani mpya aliniuliza kwangu tunaishi watu wangapi.

Nikamwambia ni mimi tu.