Mchoraji Aliyeniomba Nikae

Msinihurumie, niaminini tu. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Ilikuwa 2015, karibu na Buffalo, huku Marekani. Nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja mzungu nyumbani kwake Cheektowaga. Kila alasiri alinisomea barua ambazo mchoraji mmoja Mwingereza, wa enzi za Malkia Victoria, alimwandikia nyanya wa nyanya yake. Zilijaa habari za marafiki zao: mshairi mlevi, daktari, mwimbaji mwenye kikohozi. Na kila barua iliishia kwa ombi lile lile: njoo ukae kitini, nikuchore.

Mshairi alikubali. Daktari na mwimbaji pia. Rangi ilipokauka, walizikwa.

“Nyanya yetu alikataa kila mara,” bibi alisema. “Ndiyo maana barua ni nyingi.”

Nilicheka. Nani asingecheka?

Siku moja ya theluji, bibi akiwa amesinzia, mlango ukagongwa. Alikuwa mzee mwenye ndevu na koti la kizamani, vidole vimeshika rangi ya bluu. Nyuma yake theluji ilikuwa nzima, haina unyayo hata mmoja. Niliona, naapa, lakini adabu ikatangulia. Nikamwamkia. Akanitazama uso polepole, kama seremala anayepima ubao.

“Mama, utakuja ukae, nikuchore?”

Sasa nisikilizeni. Kwetu milimani Kivu, mzee akikualika humkatalii usoni. Unasema utakuja, hata kama huna nia, na wote wawili mnajua ni heshima tu.

“Nitakuja, baba.”

Akatabasamu, akaenda. Nilipogeuka, bibi alikuwa macho, analia. “Umemjibu nini?”

Nikahamia Columbus, kwa mdogo wangu anayeishi Gahanna, pembeni mwa mji huo. Alinicheka, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: “Yaya, kama ni bwana, bon, alete ng’ombe kwanza!” Jioni moja harufu ya mafuta ya rangi ikajaa sebuleni, na mlango ukagongwa. Mdogo wangu hakucheka tena.

Sasa niko Louisville, nafanya kazi ghalani. Amenifuata. Namwambia hapana kila anapokuja, naye hujibu kwa upole, “Mama, ulishasema utakuja.”

Nimechoka, ndugu zangu. Siku nyingine, nikitoka kazini na miguu imevimba, hicho kiti chake nakitamani.

Ninyi mnaokuja huku na adabu zetu, zoezeni ulimi kusema hapana mapema. Wapo wanaotualika ambao heshima hawaijui; wao hushika neno tu.