Buluu ya Wa Pili

Madirisha ya duka yalikuwa hayajafunguliwa yote, mwanamume mzima na akili zake aliingia, akaegemea kaunta, akafungua vifungo vitatu vya shati na kusema, "Nesi, hebu niangalizie huu upele."

Wa Pili alikuwa ameshika kopo la rangi mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Nyuma yake palijaa misumari, mabomba, misasa na mifuko ya saruji iliyopangwa hadi karibu na dari. Hapakuwa na kitanda wala sindano, na dawa pekee iliyokuwamo humo ni ya kuua mchwa.

"Mimi siye nesi," alisema. "Nesi ni pacha wangu. Yuko zahanati, mtaa wa nyuma."

Mwanamume akacheka. "Leo umeamka na mzaha! Sasa, ukiniuliza mimi, unawasha zaidi nikishaoga."

Wa Pili akashusha pumzi. Kubishana naye kungemla nusu saa, naye alikuwa na rangi ya kuchanganya. "Usijikune," akasema, "na uende zahanati ukapewe dawa." Mtu akashukuru sana, akafunga vifungo vyake, akaondoka bila kununua hata msumari mmoja.

Siku zake nyingi zilianza hivyo. Yeye na pacha wake walipishana robo saa kuja duniani, na aliyechelewa akaitwa Wa Pili, jina lililomganda kuliko gundi yoyote aliyowahi kuuza. Walifanana paji la uso, pengo la meno ya mbele, kimo, hata namna ya kuburuta kandambili. Utotoni ilikuwa raha, kwani walibadilishana adhabu. Lakini aliyetangulia akasomea unesi, akapangiwa zahanati ya hapo hapo walipokulia, na kwa miaka kumi na tisa hakubaki mtu ambaye hakumdunga, hakumfunga kidonda au hakumzalisha. Kuanzia hapo sura ile ikawa na mwenyewe, na mwenyewe ni Nesi. Wa Pili alikuwa kama ameiazima.

Na watu hawana haya. Kwenye foleni ya benki alipakatishwa mtoto na mama asiyemjua: "Mshike, ana joto huyu?" Joto alikuwa nalo. Sokoni bibi mmoja alijivuta mdomo wa chini ili amwonyeshe jino. Kuna mzee aliyemshika mikono miwili barabarani na kumwombea dua dakika kumi nzima kwa kumwokoa mkewe, na Wa Pili, mfuko wa nyanya ukimkata vidole, akaitikia amina baada ya amina kwa shukrani zisizokuwa zake. Alirudi nyumbani akiwa na hasira hadi machozi, kisha akajionea aibu, maana utamkasirikiaje mtu aliyekuombea dua?

Hata wateja wake wa kudumu walikuwa vile vile. Fundi bomba mmoja alinunua kwake miaka sita, na katika miaka hiyo sita hakuacha kumwita Nesi. Tena alikuwa mteja mpole kuliko wote, halalamiki, habishi, kila akikabidhiwa kitu ni "Mungu akuzidishie, Nesi." Mwanzoni Wa Pili alimsahihisha. Fundi aliitikia "sawa, Nesi," akaenda zake. Mwishowe Wa Pili akaacha kumsahihisha.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka mtu mmoja tu, asiye wa nyumbani kwao, amsimamishe siku moja kwa ajili yake yeye mwenyewe. Aseme naye. Hata ikiwa ni kwa ugomvi, mradi uwe ugomvi wake.

Basi Jumapili moja, wakiosha vyombo kwa mama yao, akauliza kama mtu asiye na jambo. "Pacha, kwani kazini kwenu mnaruhusiwa kupaka nywele rangi?"

"Nyeusi," Nesi alisema. "Na kahawia, ikiwa ya kiasi. Ukizidisha unaandikiwa barua. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Jumatatu jioni alikuwa saluni.

Msusi alimwekea mapajani kadi ya rangi, ile yenye vishungi vidogo vya nywele vilivyobandikwa safu kwa safu, kuanzia nyeusi hadi rangi ambazo hata kasuku angezionea haya. Wa Pili aliitazama akasikia jasho. Miaka kumi na miwili amekuwa akiwafungulia watu kitabu cha rangi za ukuta, akiwatazama wakipoteza saa nzima kati ya krimu na krimu nyingine, akiwasema moyoni: hawa watu wana nini, si wachague waende! Sasa zamu ilikuwa yake, na kidole kilikuwa kikizunguka juu ya kadi kama nzi aliyekosa pa kutua.

Mwishowe kikatua kwenye rangi ya chungwa lililoiva. Moyo ukamruka. "Hii," alisema.

"Mna macho mamoja nyie," msusi akasema, akichanganya kitu kwenye bakuli. "Pacha wako naye huishika hiyo hiyo kila mwezi. Anaishika, anaguna, halafu ananiambia nimpake nyeusi."

Wa Pili akakiachia kishungi kana kwamba kimemuunguza. Akashuka safu moja, kwenye waridi kali.

"Hilo ndilo chaguo lake la pili."

"Na hii zambarau?"

"Hiyo aliipiga picha."

Hapo yalimfika shingoni. Yaani hata ndani ya kadi hii, kwenye kiti hiki, mwenzake ameshatangulia! Akiichukua chungwa, siku Nesi atakapostaafu ataipaka hiyo hiyo, na mchezo utaanza upya. "Dada," alisema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "kuna rangi yoyote humu ambayo pacha wangu hajaitia mkono?"

Msusi akafikiri. "Buluu. Alisema buluu hii ni ya kupakia mageti."

Maneno hayo hayo Wa Pili alikuwa ameyaweka ulimini, yuko tayari kuyasema. Akayameza. "Nipake hiyo."

"Lakini unaipenda?"

"Siipendi hata chembe."

"Jamani, mtu hapaki nywele zake rangi asiyoipenda."

"Mimi napaka."

Alitaka ipakwe pale pale, kabla moyo haujageuka, lakini msusi hakukubali. Lazima kwanza ajaribu kidogo nyuma ya sikio, angoje hadi kesho yake, waone kama ngozi itakubali. Wa Pili alishika kichwa. Ni yeye aliyekuwa akiwasihi wateja wapake kona moja ya ukuta kwanza, waitazame asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kumsikiliza. Akaenda nyumbani na kishungi cha buluu nyuma ya sikio. Akakitazama kwenye kioo jioni ile, akakichukia. Akakitazama asubuhi, akakichukia zaidi. Akarudi saluni ameridhika kabisa.

Kazi ilichukua saa tatu. Kwanza weusi wa nywele uliondolewa kwa dawa iliyomchoma kichwa kizima, zikabaki njano kama nyasi za kiangazi. "Inawaka?" msusi akauliza. "Inawaka." "Vumilia." Kisha ikaja buluu yenyewe, ikapakwa kwa brashi ndogo, ikafungwa kwa nailoni, ikaoshwa, ikakaushwa. Kiti kilipogeuzwa, kiooni mlikuwa na mwanamke ambaye Wa Pili hakuwahi kumwona mahali popote. Alikuwa na kichwa cha geti. Wa Pili akacheka hadi msusi naye akacheka bila kujua anachokicheka. "Wiki sita hiyo," msusi alisema. "Baada ya hapo inaanza kupauka."

Hakufika hata kwenye kona ya mtaa.

"He! Nesi! Makubwa haya!" Mwanamke aliyekuwa akifagia kibarazani aliacha ufagio ukaanguka. "Na heshima yote tuliyokupa?"

"Mimi siye—"

"Umepatwa na nini, mwenzangu? Ni mume?"

Ukweli ni kwamba Wa Pili alipiga hesabu zote isipokuwa moja. Alidhani watu watasema: huyu siye Nesi, Nesi hana nywele hizi. Watu walisema: Nesi ameharibikiwa. Mmoja alimshauri apumzike. Mwingine alimkumbusha kwamba kuuguza ni wito. Kijana mmoja alimsifu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwa kuwa alisema, "Nesi, umetoka bomba!" Bibi wa jino alimtazama, akavuka barabara. Miaka yote hii Wa Pili alikuwa akibebeshwa magonjwa ya watu kwa sababu ya sura ya pacha wake, na sasa kichaa chake mwenyewe, alichokilipia kwa kichwa kuchomeka, kimeandikwa kwa pacha wake.

Alhamisi mchana Nesi mwenyewe aliingia dukani na sare yake nyeupe, pua imemtutumka.

"Pacha, umenifanya nini?"

"Sijakufanya kitu. Nimepaka nywele zangu."

"Zako! Mkuu wa zahanati ameniita ofisini. Ameletewa malalamiko manne. Nimekaa mbele yake na nywele zangu nyeusi hivi, unajua ameniambia nini? 'Vua hiyo wigi.' Nikamwambia siyo wigi, avute. Akavuta! Halafu akasema basi jana ndiyo nilivaa wigi. Na kuna mama amekataa nimdunge mwanawe, eti nimechanganyikiwa."

"Si uwaambie una pacha!"

"Wewe mwenyewe huwaambii?"

"Nawaambia kila siku!" Wa Pili alipiga kaunta, boksi la misumari likaruka. "Kila siku ya Mungu! Hawasikii! Hujui wewe kinachonipata. Wewe ukipita njiani wanakusalimia wewe."

"Nani kakwambia?" Nesi naye akapandisha. "Nafunga mtu kidonda, ananiuliza kama saruji imeingia. Mwezi uliopita mtu kanirushia kitasa mezani, karibu na sindano zangu, eti kimekataa ufunguo."

Wa Pili akatulia ghafla. "Alikuita nani?"

"Nani?"

"Huyo wa kitasa. Alipokitupa, alikuita nani?"

"Aliniita Nesi. Aniite nani tena?"

Moyo uliokuwa umenyanyuka kidogo ukakaa chini tena. "Ulimwambiaje?"

"Apake grisi."

"Ndivyo inavyotakiwa," Wa Pili akasema kwa shingo upande, wote wawili wakanuna, kila mmoja akiutazama upande wake wa rafu.

Hapo ndipo fundi bomba alipoingia, mkoba wa vifaa begani. Alianza "Mungu akuzidi—" akakwama. Akamtazama wa sare nyeupe. Akamtazama wa nywele za buluu. Akarudi kwa wa sare. Taratibu akaushusha mkoba, akakalia mfuko wa saruji.

"Mko wawili," alisema.

"Tangu tumboni," Nesi akajibu.

"Miaka sita mimi najua ni mtu mmoja! Nikawa nasema nyumbani, huyu mama anajituma, asubuhi zahanati, mchana dukani, anapumzika saa ngapi?" Akajifuta uso. "Sasa aliyemzalisha mke wangu ni yupi?"

Nesi akanyoosha mkono.

"Na mishono ya kidole hiki?"

"Mimi pia."

Fundi akamgeukia wa buluu. Alimtazama vizuri, kuanzia zile nywele hadi penseli iliyochomekwa sikioni, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa aliopita mara elfu. "Kwa hiyo wewe hujanishona chochote."

"Hata kifungo," Wa Pili akasema.

Upole wote ukamtoka fundi usoni. Akasimama.

"Basi ile koki ya mwezi wa tatu ni wewe."

"Koki ipi?"

"Ipi! Ya nusu inchi, uliyoniapia kwamba ni imara. Imepasuka siku ya pili, jiko la watu limekuwa kisima, mimi niko magotini nakamua matambara, mwenye nyumba ananisimanga. Nikanyamaza. Ningemwambia nini mtu aliyempokea mwanangu? Na gundi iliyokauka ndani ya kopo? Nikanyamaza. Na mabomba unayoyakata mafupi kwa sababu unakata huku unaongea na simu? Miaka sita nanyamaza! Naomba dua, nasema Mungu akuzidishie, kumbe namwombea mtu mwingine kabisa!" Kidole chake chenye mishono kilikuwa kimefika karibu na pua ya Wa Pili. "Wewe mama kazi yako huiangalii!"

Nesi, ambaye hakuzoea kuona mtu akimfokea mtu mwenye sura yake, akaingia kati na kuinua mkono. "Fundi, tafadhali, punguza sauti. Si hivyo tunavyo—"

Wa Pili akamshika pacha wake kiwiko, akamsogeza pembeni polepole, akajiegemeza kaunta ili asikose hata neno.

"Mwache, Pacha," alisema. "Anasema na mimi."