Kasuku Anayeita kwa Sauti ya Mke Wangu

Leo nimekunywa vikombe viwili vya chai huku mke wangu amefungiwa stoo. Na nilikuwa namsikia.

Ngojeni nijitetee kwanza.

Kasuku wetu, Bosi, anaiga sauti ya Mama Neema vizuri mno. Akianza "Baba Neema, njoo!" mtaa wetu wote wa Elerai unajua jina langu. Tukakubaliana, tena mke wangu ndiye aliyesisitiza: Bosi akipiga kelele, hakuna kumjibu. Atazoea kutulia.

Basi asubuhi nikasikia nyuma ya nyumba: "Baba Neema, njoo!"

Nikakaza moyo. Nikaongeza sukari.

"Baba Neema, jamani!"

Hapo nikajisahau, nikamjibu: "Lia mpaka uchoke! Leo siji!"

Nusu saa baadaye akaingia jirani yetu, bibi mmoja wa Kimeru anayetuletea maziwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mkeo anaita huko nyuma?"

"Ni kasuku huyo, bibi. Tunamfundisha adabu."

Akaniangalia kwa huruma. "Na kasuku naye anasema kitasa cha stoo kimeng'oka?"

Nilikimbia na kijiko mkononi.

Mlango ulipofunguka, Mama Neema akatoka amejaa unga wa mahindi, Bosi katulia begani kwake. Walikuwa wameingia pamoja kuchukua mbegu za alizeti. Muda wote huo ndege hakutoa hata mlio mmoja.

"Mwenzio ameshaelewa somo," akasema mke wangu, akanipita.

Sasa hivi wako jikoni wanakula ndizi, wawili tu. Sijakaribishwa.

Mliooa, naanzia wapi?