Herufi kwenye Mpini

Nimeuguza watu hospitalini miaka thelathini na moja, na nimewasikia wanaume wakidanganya kuhusu kila kitu: sigara, pombe, mara ngapi wanaamka kwenda kukojoa. Lakini sijawahi kumwona anayedanganya kwa bidii kama mcheza gofu aliyevuka miaka sitini anapoulizwa mpini wa fimbo yake una ugumu gani. Simsemi mtu. Mimi mwenyewe nilikwangua wangu kwa msasa.

Kwa asiyecheza, nieleze. Fimbo kubwa kuliko zote kwenye mfuko wa gofu inaitwa draiva. Ina kichwa kinene kama kiazi, na ndiyo ya kupigia mpira wa kwanza, ule unaotakiwa kwenda mbali huku watu wakikutazama. Kati ya kichwa na mahali pa kushikia kuna mpini mrefu, mwembamba, wa kaboni, ambao hupinda kidogo unapouzungusha. Vijana wenye nguvu wanahitaji mpini mgumu. Sisi ambao magoti yanalia tukishuka ngazi tunahitaji ulio laini, upinde na kutusaidia kazi. Sasa watengenezaji, kwa ukatili wao, huandika ugumu huo kwa herufi moja, juu ya mpini, mahali ambapo kila mwenye macho anaona. S ni mgumu. R ni wa kawaida. A ni wa wazee, ingawa hakuna muuzaji atakayelitamka neno hilo mbele yako. Baada ya A kuna L, wa akina mama, na baada ya L nadhani kuna kaburi.

Mimi nilikuwa na S. Nilikuwa nayo miaka kumi na miwili, na kwa miaka kama sita hivi ya mwisho haikuwa na faida yoyote isipokuwa kuonekana.

Tunacheza wanne, kila Alhamisi asubuhi, kwenye uwanja mmoja wa kawaida kabisa karibu na Stanmore, pembeni mwa London. Yupo rafiki yangu, Mhindi wa Kisumu, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa na ambaye hajawahi kukubali kwamba amekosea jambo lolote. Yupo sardar, Singasinga wa Nakuru, fundi wa majengo mstaafu. Yupo mchungaji wa Bukavu, anayetoka Walthamstow kwa treni mbili na basi, akiburuta mfuko wake wa fimbo katikati ya watu wanaokwenda kazini. Na mimi, Mswahili wa Tanga. Sheria yetu ya kwanza ni kwamba mchezo wote ni Kiswahili. Kila mmoja na chake, na kila mmoja anamcheka mwenzake. Mchungaji akisema lake, rafiki yangu humuuliza kama hicho nacho ni Kiswahili au ni maombi.

Sheria ya pili aliitunga rafiki yangu. Shimo la kwanza lina mtaro wa maji unaokata uwanja, yadi mia na arobaini na tano kutoka tunapoanzia. Anayeutumbukiza mpira wake mtaroni wiki tatu mfululizo ameshazeeka. Anahamia Jumatano, kwenye kundi la wazee wanaoanzia kwenye alama nyekundu za mbele, ng'ambo ya mtaro, ambao mazungumzo yao yote ni ya Kiingereza na yote yanahusu nyonga. Mwenzetu mmoja wa Mwanza aliondoka hivyo. Tulimpigia makofi, tukamwahidi tutamtembelea, na hatukumtembelea.

Nilikuwa nasema sheria hiyo ni nzuri sana, mpaka ilipofika zamu yangu. Wiki ya kwanza mpira wangu uliruka chini chini, ukapinda kulia, ukaingia majini. Rafiki yangu akainua kidole. "Moja," alisema. Wiki iliyofuata akainua viwili, na alifurahi kama mtu aliyeletewa pilau.

Nilirudi nyumbani nina wasiwasi, na nitasema kwa nini, maana si gofu. Tangu mke wangu afariki, Kiswahili nyumbani kwangu kinaongewa na redio. Watoto wangu wanakielewa chote, hata matusi, lakini ukiwaambia neno wanakujibu kwa Kiingereza, kwa upendo kabisa, kama wanavyomjibu mgeni. Alhamisi zilikuwa saa nne za mimi kuwa mtu anayechekesha. Kwa Kiingereza mimi ni mzee mpole aliyekuwa nesi. Nikiwaza kuhamishiwa Jumatano, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa daktari.

Kwa hiyo nilikwenda kupimwa. Kuna duka Neasden, upande wa pili wa barabara kubwa kutoka lile hekalu la Wahindu, ambako wanakufungia ndani ya chumba chenye wavu, skrini inayoonyesha mpira ungefika wapi, na mashine ya kuhesabu makosa yako. Mpimaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye mikono ya mtu anayejua kazi. Aliniambia nipige kama ninavyopiga siku zote. Mashine ikaandika kwamba kichwa cha fimbo yangu kinakwenda maili sabini na sita kwa saa. Nilimwambia mashine yake imeharibika, kisha nikaitukana kidogo kwa Kiswahili. Akaichukua fimbo, akapiga yeye, ikasoma tisini na nane. Nikasema basi imeharibika kwangu tu.

Ukutani kulikuwa na mipini ya bei mbaya, imepangwa kama bastola. Nikachagua mmoja wa Kijapani, mweusi wenye mistari ya dhahabu, S, kwa sababu ulikuwa mzuri. Aliufunga kwenye kichwa cha fimbo bila kubishana. Nikapiga mipira sita. Yote ilikwenda chini na kulia, pale pale palipokuwa na mtaro wangu. Akanieleza, kwa upole uliokuwa na kicheko ndani yake, kwamba nguvu zangu hazitoshi kuupinda mpini ule, kwa hiyo kichwa cha fimbo kinafika kwenye mpira kikiwa bado kimetazama kulia, na mpira hauna njia ila kuteleza kulia. Akasema huo ni mpini bora kabisa dukani, wa mtu mwingine.

Akajaribu R. Kidogo afadhali. Ndipo akafunga mwingine, mwepesi, wa kijivu usio na dhahabu yoyote, na nikaona amefunika herufi kwa kidole gumba. Nikapiga. Mpira ulipanda juu, ukakaa huko, na nilipata muda wa kukohoa kabla haujashuka. Yadi mia na sitini. Nilipiga mipira kumi, na saba kati yake ingevuka mtaro. Nilihisi furaha ya kitoto kabisa. Kisha akaondoa kidole, na ilikuwa A.

Hapo simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu. Alijua nimekwenda kupimwa, na alitaka kujua nimepewa nini. Nilimpa mgongo yule binti, nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu mwenye habari njema, kwamba nimepewa S, tena huyu mtoto wa kike anasema kwa nguvu nilizonazo angeweza kunipa ngumu zaidi, ila amenihurumia. Nilipogeuka, binti alikuwa ameegemea wavu anafuta machozi ya kicheko. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake ni wa Mombasa, kwamba ameelewa kila neno, pamoja na lile nililoiita mashine yake mwanzoni, na kwamba bibi yake angenisugua ulimi kwa sabuni.

Niliununua mpini wa A. Alipokuwa akiufunga kwa gundi, sikutania tena. Nilimweleza habari za mtaro na Jumatano. Aliacha kucheka. Akaniambia mpini haujali nani anausoma, na mimi nikamwambia kwamba bado hajawahi kucheza na Mhindi wa Kisumu.

Siku mbili kabla ya Alhamisi ya tatu, niliketi bafuni na fimbo mapajani. Kwenye kabati bado ilikuwepo chupa ya marehemu ya kufutia rangi ya kucha. Nilijaribu nayo kwanza. Haikuitoa herufi, ilichonipa ni harufu yake tu, ya Jumapili jioni, kucha zake zikiwa zimewekwa juu ya gazeti. Nilikaa nayo kidogo. Angenicheka mpaka akae chini. Halafu nikachukua msasa, nikaikwangua ile A mpaka pakabaki doa jeupe la ukubwa wa ukucha.

Sasa, kuna desturi yetu moja ambayo niliisahau, na ndiyo iliyoniponza. Fimbo mpya kwetu, hata kama kilicho kipya ni mpini tu, haianzi kazi hivi hivi. Inapelekwa kwanza Stanmore, nyumbani kwa rafiki yangu, kwa mama yake, ambaye ana miaka tisini na mbili na sisi sote tunamwita Ba, kama wanavyomwita mama nyumbani kwao. Yeye huifanyia fimbo kile kile wanachofanyia gari jipya: tone la rangi nyekundu, punje za mchele, na uzi mwekundu unaofungwa kwenye mpini. Sardar anafanyiwa. Mchungaji naye anafanyiwa, na akiulizwa husema ni mapambo. Mimi fimbo yangu ya zamani niliinunua kabla sijalijua kundi hili, kwa hiyo ilikuwa zamu yangu ya kwanza.

Alhamisi hiyo asubuhi Ba alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, sahani ya chuma mbele yake. Rafiki yangu alikuwa nje anapakia gari, akimpigia kelele mtu fulani kwenye simu. Ba aliilaza fimbo mapajani, akaipitisha vidole polepole. Vikasimama kwenye doa.

"Hapa wewe nasugua nini?" aliniuliza, kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho hakijabadilika tangu Kisumu.

Nilisema imekwaruzwa kwenye buti la gari. Alinitazama kwa yale macho ambayo lazima aliwatazamia wateja waliosema watalipa mwisho wa mwezi.

"Hapana sugua," alisema. "Ya mtoto yangu iko A. Toka ile siku daktari napasua moyo yake. Yeye nasema, Ba, funga hapa, kaza. Mimi nafunga hapa." Aliuzungusha uzi juu ya lile doa mara tano, sita, akaukaza kwa meno. "Yote nafunga hapa. Ya sardar. Ya padri."

Kisha akaweka tone jekundu, akatupia mchele, akaniambia chai iko kwenye birika. Nilikunywa chai nimesimama. Miaka minne nilikuwa nimeutazama uzi ule kwenye fimbo ya rafiki yangu, nikidhani ni dini. Niliona hasira, kwa vile kidole chake kilivyokuwa kinainuka kwa raha. Nilipofika mlangoni hasira ikawa imeisha, kwa sababu nilimwona akiinua mfuko wake wa fimbo kuutia garini, na akapumzika katikati.

Pale kwenye shimo la kwanza tulisimama wanne, nyuzi nne nyekundu, urefu ule ule kutoka mahali pa kushikia. Sijui nilikuwa nikitazama nini siku zote. Rafiki yangu aliichukua fimbo yangu, akaipima kwa mkono, akautazama uzi.

"S?" aliuliza.

"S," nilisema. "Kama yako."

Alinitazama mimi, akautazama uzi tena, akaupitisha kidole gumba juu yake.

"Kama yangu," alisema. "Basi sawa." Akanirudishia fimbo.

Nilipiga. Nisingependa kutia chumvi, kwa hiyo nitasema tu kwamba mpira ulipanda, ukakaa juu kwa muda wa kutosha, ukaangukia ng'ambo ya mtaro kwa hatua kama saba. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa sauti. Sardar alinipiga mgongoni nikakohoa. Nilibaki Alhamisi, na nilijifanya ninatafuta kitu mfukoni.

Halafu rafiki yangu akapiga. Labda alikuwa akifikiria mambo mengine. Mpira wake uliondoka vibaya, chini chini, ukaruka mara mbili kwenye nyasi, ukaingia majini katikati kabisa ya mtaro. Hakugeuka. Alibaki amesimama anautazama ule mduara ukipanuka, na mabega yake, ambayo siku zote yako juu, yalikuwa chini.

Kidole changu kilikuwa tayari. Kwa wiki mbili nzima nilikuwa nimeota kumwambia lile "moja" lake, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Sardar na mchungaji walinitazama wakilisubiri.

"Upepo," nilisema. "Siku za upepo hazihesabiwi."

Sote wanne tuliitazama bendera kule mbele, iliyoning'inia bila kutikisika hata kidogo. Mchungaji akafunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni. Sardar akashikilia kilemba. Rafiki yangu akageuka, akasema kwamba kweli, leo upepo ni mbaya sana.