Presha Mbili za Mama

Mama alikuwa na presha mbili, na hakuna mtu aliyeweza kumpunguzia hata moja. Ya kupanda aliijua kwa kichwa kizito, na siku hiyo alimeza kidonge. Ya kushuka aliijua kwa kizunguzungu, na siku hiyo alikamua ndimu kwenye maji, akatia kijiko kizima cha chumvi, akanywa. Siku ambazo hakusikia chochote alijihesabu mzima, na dawa ikakaa kabatini.

Nilichoka. Nilikuwa nikitoka kazini hotelini Diani, nafika nyumbani Tiwi miguu yaniuma, kisha naanza somo lile lile: presha haipigi hodi. Hukaa mwilini miaka bila kuuma, huku inakula moyo, figo na macho. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, ndiko kupooza huko. Yeye alinisikiliza huku akiosha papa mkavu wa chumvi wa chakula cha usiku.

"Haya, mwanangu, nimesikia."

Hakuwa amesikia kitu.

Nikampeleka hospitali, Msambweni, nikitumaini daktari atanisaidia. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akampima, akamweleza taratibu kwamba presha ya kupanda ina aina mbili: moja haina sababu moja, huja na umri, damu ya ukoo na chumvi nyingi, nyingine huletwa na maradhi mengine, kama ya figo. Yake ilikuwa ile ya kwanza, na dawa ni ya kila siku, aumwe asiumwe.

Mama akanigeukia, uso umenawiri.

"Umesikia? Ziko mbili. Nawe wanibishia kila siku."

Nilitamani kulia pale pale.

Asubuhi aliyozidiwa, jirani alimkuta barazani, mkono wa kushoto hauinuki. Alinipigia simu, nikaja mbio. Bilauri ya maji ya chumvi ilikuwa bado katika mkono wa kulia wa mama. Nusu alikuwa ameshakunywa.

Sasa dawa nampa mimi, kila siku kabla ya kwenda kazini. Mdomo umekwenda upande na maneno yanamtoka kwa shida, lakini swali lake hajaliacha.

"Leo ni ya kupanda au ya kushuka?"

"Ya kupanda, mama."

Anafungua kinywa, anameza bila ubishi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Ningalijua, ningalimdanganya tangu zamani.